Tupeane uzoefu: breki zako zilikutwa na nini kipindi cha ukaguzi wa magari?

Mkaazi wa Tabata: Wakuu, jana nimerudishwa. Mkaguzi kaniambia vuta handibreki, gari likasukumwa, likaenda. Mwaka mzima naegesha kwa P tu, ile gia ya kuegeshea. Nani mwingine yamemkuta?

Fundi Mkongwe: Waya umelegea au viatu vya breki vya nyuma vimekwisha. Handibreki ivutwe kila siku, isipotumika waya unashika kutu. Nyie wa Kigamboni na upepo wa bahari ndiyo kabisa.

Mama wa Noah: Mmenikumbusha mbali. Natokea Kimara na watoto, naenda shule. Stika ya ukaguzi ina siku tatu kiooni. Kabla ya ukaguzi nilipita gereji, kijana akakuta mafuta ya breki yamepungua, akajazia ya steringi kwa sababu chupa ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi sijui kitu. Asubuhi hiyo tulipofika Korogwe nikasikia harufu kama kamba inaungua, gari zito, kama kuna mtu kalishika nyuma. Naanza mteremko wa kwenda Baruti, nakanyaga, pedali hiyooo mpaka kwenye kapeti. Napampu, hola. Mbele lori la mchanga. Nikashusha gia mpaka L, ile ya chini kabisa, handibreki navuta kidogo kidogo, honi siiachii. Mwanangu ananiuliza, "Mama, mbona unalia?" Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye bampa la lori, rimu ya mbele inatoa moshi. Fundi mwingine alipofungua masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, akanipa mpira wake mkononi: umevimba, unabonyea kama embe lililoiva kupitiliza.

Binti Ilala: Pole sana dada. Mungu ni mkubwa.

Dereva Mbagala: Pole mama. Ila pedali ikizama unapampu mara mbili inapanda. Hiace yangu iko hivyo mwaka wa pili na ukaguzi inapita.

Fundi Mkongwe: Kaka, unabeba abiria! Kuna upepo kwenye mabomba, au masta silinda imechoka. Inapita kwa kuwa unapampu mkaguzi hajafika dirishani.

Dereva Mbagala: Usinifundishe kazi. Nina miaka 15 barabarani.

Mama wa Noah: Na mimi nilikuwa na 11. Kafungue hizo tairi, kaka yangu.

Binti Ilala: Mimi baba alinifundisha hivi: injini imezimwa, kanyaga mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, washa. Ikishuka kidogo, busta, ile inayolainisha pedali, ni nzima. Ikiendelea kuzama taratibu, kuna kunakovuja.

Mzee Temeke: Mafuta ya breki yamwagwe kila miaka 2, yananyonya unyevu. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155.

Kijana Sinza: Mzee, mimi naangalia rangi tu, yakiwa kahawia namwaga.

Mzee Temeke: Rangi haikuonyeshi maji, mwanangu.

Mkaazi wa Tabata: Nimetoka gereji. Kiatu cha nyuma kushoto kimebaki chuma kitupu.

Dereva Mbagala: Nimefungua. Silinda ya gurudumu la nyuma kulia inavuja, ngoma yote imelowa. Gari nimelipaki. Nani anajua duka Kariakoo lisilouza mipira feki?