Naomba ushauri: "bloody" ya Waingereza niitafsirije?

Habari zenu wakuu. Natafsiri mazungumzo ya tamthilia ya Kiingereza, na kuna mzee mmoja humo hamalizi sentensi bila "bloody" (kwa maana ya kawaida ni "yenye damu", ila hapa ni neno la kukoleza, lenye ukali kidogo kama tusi). Mara "bloody fool", mara "bloody good", mara "bloody hell" chai ikimmwagikia.

Kwenye "fool" nimeweka "mjinga wa kutupwa", ikakaa vizuri. "Good" nikaandika "nzuri balaa". Ila huyu mzee ni mstaarabu, na "balaa" inamfanya aonekane kijana wa kijiweni. "Laana" nayo ni nzito mno. (Kuna programu iliniletea "mjinga mwenye damu". Nilicheka peke yangu.)

Uzito wake wenyewe unanichanganya. Tangazo la utalii la Australia la 2006 lilikuwa na "bloody hell", na Uingereza likazuiwa kwanza kwenye televisheni. Kumbe hata wenye lugha hawakubaliani!

Sasa, kuna neno la Kiswahili la kukoleza hasira na sifa pia, linalomfaa mtu mzima? Na mkewe anayesema "blooming" na "flipping" (maneno ya upole yanayotumika badala ya matusi kama "bloody") nimpe maneno laini zaidi, au nisihangaike?