Mkono wa Baba Mukubwa

Kikundi cha familia, Bukavu. Jumapili jioni.

Mama Mukubwa, 17:42
Jamani, Baba Mukubwa ameungua tena. Alishika sufuria kwenye mbabula kwa mkono wa kulia, mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi. Yeye alikuwa anaongea tu na jirani. Kidole cha shahada kimetoa lengelenge kubwa kama haragi.

Yaya Patrick, 17:45
Pole sana mama. Lakini miezi mitatu imepita tangu daktari aunge ile neva, mshipa wa fahamu uliokatwa na kioo cha dirisha kwenye kifundo cha mkono. Mimi nikiunga waya, umeme unapita papo hapo. Naona waliiunga vibaya.

Mama Mukubwa, 17:47
Na kidole cha pete, nusu kinasikia, nusu hakisikii! Nani amewahi kuona ugonjwa wa nusu kidole? Mama mmoja wa kanisani ameniambia nimkande na maji ya moto kila usiku, neva iamke.

Neema, 17:49
Mama, maji ya moto hapana, nakuomba. Vidole havisikii joto, utamuunguza na hatajua. Lengelenge msilipasue. Osheni kwa maji safi ya baridi, funikeni kwa kitambaa safi, kesho aende akaonwe.

Neema, 17:50
Nusu kidole si ajabu. Neva mbili zimegawana kidole cha pete. Iliyokatwa inahudumia dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Nusu nyingine na kidole kidogo vina neva yao, na kile kioo cha dirisha hakikuifikia. Mungu ni mwema.

Neema, 17:56
Yaya Patrick, waya ni shaba, haina uhai. Neva ni fungu la nyuzi maelfu, na kila uzi ni mkia wa seli moja iliyo hai. Mwili wa seli hiyo hauko mkononi. Kwa nyuzi za kusikia uko kando ya uti wa mgongo, huku shingoni. Kwa zile zinazotikisa misuli uko ndani ya uti wenyewe. Mwili ni mdogo hata jicho halioni, lakini mkia unafika ncha ya kidole. Nilipolisoma hilo nilichukua utepe wa mshonaji nikajipima: sentimita 80 hivi. Seli moja!

Neema, 17:58
Uzi ukikatwa, kipande cha upande wa vidole kinakosa chakula kutoka kwenye mwili wa seli, kinakufa chote. Daktari aliunga ganda la nje. Ndani yake uzi mpya lazima uote wenyewe kutoka kwenye kifundo, milimita 1 hivi kwa siku.

Yaya Patrick, 17:59
Milimita 1 tu?

Neema, 18:00
Moja. Kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 18. Hesabu.

Yaya Patrick, 18:01
Siku 180. Na sisi tuko siku ya 90 na kitu.

Neema, 18:01
Na wiki za kwanza uzi ulikuwa bado unatafuta njia ya kuvuka mshono.

Koko (vokali, Furaha ameiandika), 18:09
Mjukuu wangu, yule kijana wa jirani aliyeanguka kutoka kwenye mti wa avoka, miguu yake imelala miaka 6. Zake mbona hazikuota?

Neema, 18:15
Koko, yeye aliumia uti wa mgongo. Mikononi na miguuni nyuzi zinalindwa na seli za Schwann. Uzi ukikatika, seli hizo zinasafisha mabaki, kisha zinapanga mstari na kuuonyesha uzi mpya njia. Ndani ya ubongo na uti kuna walinzi wa aina nyingine. Wao wanauzuia uzi usirudi, na kovu linaziba nafasi. Niliposoma sura hiyo nilimfikiria yule kijana, nikafunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Baba Mukubwa, 18:22
Neema binti yangu, nimesoma yote. Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki hii nikigonga katikati ya kiganja, cheche zinakimbia mpaka kidole cha kati. Niliogopa.

Neema, 18:23
Baba!! Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naingoja. Ncha changa za nyuzi hazijavaa mafuta yao, ukizigonga zinapiga kelele. Daktari Mfaransa Jules Tinel aliieleza dalili hiyo mwaka 1915, wakati wa vita. Pale cheche zinapoanzia ndipo uzi ulipofika. Sikuahidi kwamba kusikia kutarudi kote kama zamani, mara nyingi hakurudi kote. Lakini unaota.

Neema, 18:24
Gonga taratibu kwa ncha ya kidole, anza kwenye vidole ukirudi kwenye kifundo. Cheche zikianza, weka alama ya kalamu, upime.

Mama Mukubwa, 18:31
Nimeshika rula mimi mwenyewe. Sentimita 6 na nusu kutoka kwenye mshono.

Baba Mukubwa, 18:33
Nimeandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa mwisho, pamoja na tarehe. Kwa mkono wa kushoto.

Mama Mukubwa, 18:34
Na sufuria nitashika mimi.