Mgonjwa wa saratani ya ini anapewa vitamini D 50,000 IU kila siku: naomba ushauri

Nesi wa Zamu
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kuhusu mgonjwa ninayemhudumia nyumbani kwake, mwanaume wa miaka 61. Ana sirosisi (makovu ya ini) iliyotokana na homa ya ini B, na CT imethibitisha saratani: uvimbe mmoja wa sm 4.2 upande wa kulia wa ini. Anatumia tenofovir kwa ajili ya virusi vya homa hiyo, na bendro kwa ajili ya presha. Familia walisikia kwamba vitamini D inaua seli za saratani ya ini. Wakampima kiwango cha vitamini hiyo, majibu yakaja 38, wakanunua vidonge vya 50,000 IU. Anameza kimoja kila siku, leo wiki tatu kamili. Kalsiamu ya juzi ni 2.54 mmol/L, albumini (protini ya damu) 24 g/L, na maabara wameandika "kawaida". Ila mzee ana kiu isiyoisha, hajapata choo siku tatu, na anasinzia mchana kutwa. Dozi iendelee?

Mfamasia Tanga
Isiendelee, hata kidonge cha kesho asimeze. Kile cha 50,000 ni cha mara moja kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8, yaani 400,000 IU kwa dozi nzima ikizidi. Mzee ameshameza 1,050,000. Kwa matumizi ya kila siku bila usimamizi wa daktari, kikomo cha mtu mzima ni 4,000 IU.

Halafu bendro. Inaifanya figo izuie kalsiamu isitoke na mkojo, kwa hiyo vitamini inaongeza huku, bendro inafunga mlango kule. Daktari ambadilishie dawa ya presha leo. Kagueni pia kama kuna vidonge vya kalsiamu au dawa ya kiungulia yenye kalsiamu, navyo viwekwe kando.

Maabara Kuu
Nesi, hiyo 2.54 inadanganya. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu inasafiri ikiwa imeshikamana na albumini, na albumini ya mgonjwa huyu iko chini. Sahihisha hivi: 40 (albumini ya kawaida) toa 24 ni 16, zidisha kwa 0.02 upate 0.32, jumlisha na 2.54. Jibu ni 2.86 mmol/L. Maabara nyingi mwisho wa kawaida ni kama 2.6. Kiu, choo kigumu na usingizi vinaendana na hiyo 2.86. Waombe kalsiamu huru (isiyoshikamana na albumini) kama mashine ipo, pamoja na kreatinini, kipimo cha figo.

Na 38 ni 38 ya nini? Kama ni nmol/L, gawanya kwa 2.5, unapata 15 ng/mL, huo ni upungufu (chini ya 20). Kama ni ng/mL, hakuwa na upungufu wowote. Angalia pia jina la kipimo. Kinachotakiwa ni 25-OH vitamini D, kinachoonyesha akiba ya mwili. Kile cha 1,25, yaani vitamini iliyokwisha kukamilishwa na figo, kinaweza kuonyesha kawaida hata akiba ikiwa imekauka.

Nesi wa Zamu
Ni nmol/L, na ni 25-OH. Kwa hiyo upungufu ulikuwepo kweli.

Ini na Nyongo
Ulikuwepo, lakini tazama umetoka wapi. Vitamini D ya jua na ya chakula hupita kwanza kwenye ini kugeuzwa 25-OH, ndipo figo imalizie kazi. Protini inayoibeba kwenye damu nayo hutengenezwa na ini, na bila nyongo ya kutosha utumbo hauifyonzi vizuri. Ini likiharibika, kiwango kinashuka. Ndiyo maana tafiti nyingi zinakuta wagonjwa wa saratani ya ini wana vitamini D ya chini, na wenye ya chini kabisa wana hali mbaya zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba upungufu ndio ulioleta uvimbe, wala kwamba kuujaza kutauondoa.

Habari ya kuua seli si uzushi. Kwenye vyombo vya maabara, vitamini D iliyokamilika hupunguza kasi ya seli hizo kugawanyika, ila kwa viwango ambavyo mwilini vingepandisha kalsiamu kupita kiasi. Dawa ya jamii hiyo, seocalcitol, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini isiyofaa kupasuliwa. Wawili uvimbe ulitoweka, wengi haukutoweka, kalsiamu ikawa inapanda, na haikuidhinishwa. Kwa upande wa kinga, jaribio la VITAL la Marekani liliwapa watu wazima 2,000 IU kwa siku au kidonge kisicho na dawa, jumla yao 25,871, kwa miaka 5 na ushei. Idadi ya waliopata saratani haikupungua.

Sasa la haraka, Nesi: mzee alale hospitali leo. Usingizi huo unaweza kuwa wa kalsiamu, au wa sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa, na kukosa choo kunachochea hilo la pili. Mnyooshe mikono na viganja akiwa amevikunja kwenda juu. Vikipigapiga kama mbawa, mwambie daktari. Laktulosi (dawa ya kulainisha choo) ipimwe hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Msimjaze maji kiholela kama tumbo limejaa.

Tena msiishie kuilaumu vitamini. Uvimbe wenyewe unaweza kutoa protini inayoiga PTH, homoni ya mwili inayopandisha kalsiamu, nayo ikaipandisha. Pimeni 25-OH upya: ikizidi 150 ng/mL, vidonge ndio chanzo. Ikiwa chini sana ya hapo na PTH nayo imezama, uvimbe ndio mshukiwa.

Binti wa Pemba
Wangempa mafuta ya ini la samaki badala ya vidonge?

Mfamasia Tanga
Hapana, dada. Yana vitamini A nyingi, na ikizidi huumiza ini.

Nesi wa Zamu
Tumeshafika hospitali, amelazwa. Ahsanteni sana. Akitulia, upungufu wenyewe tuufanyeje?

Ini na Nyongo
Subirini. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitashuka kwa siku mbili. Kalsiamu ikikaa sawa na 25-OH ikirudi chini ya 20 ng/mL, daktari anaweza kuanza 800 hadi 2,000 IU kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kisha kipimo baada ya miezi 3. Lengo hapo ni mifupa na misuli. Uvimbe una njia zake, na sm 4.2 haujafika mahali pa kukata tamaa: ulizeni kuhusu kuuziba mishipa ya damu au upasuaji kabla muda haujapita.

Watoto na ndugu zake wote wapime HBsAg, kipimo cha maambukizi ya homa ya ini B. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Atakayekutwa chanya apimwe wingi wa virusi na altrasaundi ya ini, na daktari aamue kama arudie altrasaundi kila miezi 6.