Vitabu vya majira ya kupukutika majani au hadithi za kwetu, pamoja na kazi za mikono?

UkiliMwekundu
Asalaam aleikum. Skuli yetu ya maandalizi, hapa Wete, Pemba, imenikabidhi fungu dogo la fedha ninunue vitabu vya picha, kila kimoja kifuatiwe na kazi ya mikono. Jamaa anayekuja kutoka Uingereza amenitumia orodha ya vitabu vya majira yao ya kupukutika majani, ambamo watoto huokota majani mekundu na kuyabandika mpaka yakawa bundi. Upande wa pili zipo hadithi za Kiswahili za African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, ambazo mtu huruhusiwa kuzichapa bila ya kulipia hadithi yenyewe. Nichukue zipi? Jamaa anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Mwalimu wa Chukwani
Waaleikum salaam. Hujatwambia watoto wana umri gani, ni wangapi, wala fedha yenyewe ni kiasi gani. Mtoto wa miaka 4 mkasi bado unamshinda, mpe karatasi achanechane na kubandika. Wa miaka 6 anaweza kukata umbo na kutunga majani kwenye uzi.

BintiMkoani
Mimi nasema vya Uingereza, wala sioni haya. Kipo *Leaf Man* cha Lois Ehlert, cha mwaka 2005, ambacho picha zake zimeundwa kwa majani halisi, hata mtoto akikifunga anajua mwenyewe la kufanya. Majani mekundu tunayo: miti ya mikungu inayaangusha, mapana kuliko kiganja.

MzeeWaMakonyo
Binti yangu, mkungu haufuati kalenda ya Uingereza. Miti yao hupukutisha Septemba hadi Novemba kwa kuwa siku zinafupika na baridi inaingia. Ukijani huvunjika ndani ya jani, na manjano iliyokuwa imefichika ikaonekana. Mkungu hupukutisha zaidi wakati wa ukame, na sisi miezi hiyo tunaingia vuli, miti inachipua.

BintiMkoani
Basi yapo majani mekundu ya muembe, mzee wangu.

MzeeWaMakonyo
Hayo ndiyo kwanza yamezaliwa. Ukimwambia mtoto kuwa yanakufa, umemsomesha kinyume.

Mama wa Mfenesini
Naomba nieleze yaliyotukuta. Tuliagiza kitabu pamoja na vifaa vyake kutoka duka moja la mjini, kwa bei ambayo sipendi hata kuikumbuka, na gundi ikafika imekauka ndani ya chupa. Ikabidi tupike gundi ya unga wa ngano, watoto wakabandika majani ya mkungu kwenye karatasi ya manila, tukawatundika bundi wao ukutani kuwangojea wazazi. Mvua ikaingia. Majani yakaota ukungu mweupe, na usiku mende wakaila gundi, hata siku ya wazazi bundi wengi walikuwa wamebaki macho tu, kwa vile macho yalikuwa vifungo vya shati vilivyoshonwa kwa uzi. Sasa hatubandiki majani wakati wa mvua. Jani huwekwa chini ya karatasi, mgongo wake juu, kreyoni ikalazwa ubavu na kusuguliwa polepole mpaka mishipa yote ikajitokeza.

UkiliMwekundu
Ahsanteni. Watoto ni 38, wa miaka 5 na 6, na fedha ni shilingi laki moja na nusu. Vya Kiingereza nitavisoma kwa Kiswahili mwenyewe.

Mwalimu wa Chukwani
Kwa fedha hiyo, chapa hadithi za Kiswahili bila rangi, watoto wazipake wenyewe. Hiyo tayari ni kazi ya mikono.

BintiMkoani
Picha isiyo na rangi haimshiki mtoto. Nunua japo viwili vizuri. Halafu ipo kazi ya Ulaya inayotufaa sisi Wapemba kuliko wao: kuchomeka karafuu kwenye chungwa mpaka likaenea, likanukia.

MzeeWaMakonyo
Watoto 38, kila mmoja na chungwa la karafuu! Karafuu hiyo ingeanikwa ikauzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Wape makonyo, vile vikonyo vya karafuu.

BintiMkoani
Makonyo nayo yana soko, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Na konyo halichomeki vizuri, halina kichwa.

MzeeWaMakonyo
Toboa kwanza kwa mwiba wa mchungwa.

Mama wa Mfenesini
Kabla hamjafika mbali, ukindu uliokwisha kutiwa rangi unapatikana wapi huko Wete? Watoto wa miaka 6 wakishasikia hadithi ya mkeka wanaweza kuanza kusuka ukili mwembamba, na mende hawaugusi.