Sakoshi ya ngozi ya apareyi ya baba inatoka unga mweupe, nifanye nini?

Mtoto_wa_Birere (Goma)
Bandugu naomba shauri. Baba aliniachia Yashica-Mat yake, ile apareyi ya lenzi mbili alikuwa anapigia watu picha za ndoa, pamoja na sakoshi yake ya ngozi ya kahawia. Volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye wakatuambia tutoke, baba alitembea mpaka Sake na hiyo sakoshi shingoni, mvua ikatunyeshea njiani. Kurudi akaipangusa akaiweka kabatini na hakuna mwenye aliifungua tena mpaka mwezi jana. Sasa ngozi yote iko na unga mweupe, kando ya kifungo cha chuma kumetoka kitu cha kijani laini kama nta, na mkanda ukiukunja unaonyesha nyufa. Jirani akasema pakaa mawese, nikapakaa kidogo kwenye mfuniko, hapo pamekuwa peusi na panashika vidole. Sitaki kuiharibu zaidi, kwa sababu kwenye mfuniko iko alama ya kidole gumba cha baba, pale alikuwa anafungulia kila siku, ngozi ya hapo imelainika inang'aa.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Mdogo wangu pole sana kwa baba. Mawese acha kabisa, mafuta ya chakula yanachacha ndani ya ngozi, yananuka na yanakamata vumbi. Pangusa hayo uliyopakaa na kitambaa kikavu, rudia rudia mpaka kitambaa kitoke safi.
Huo unga unaweza kuwa kuvu, ao mafuta ya ngozi yenyewe yametoka juu. Chukua mashine ya kukausha nywele, ipulizie kwa mbali joto la kadiri, dakika moja hivi. Ukiyeyuka ukapotea ni mafuta, ukibaki ni kuvu. Kama ni kuvu toka nayo nje kabisa ndipo upige brosi, juu mbegu zake zinaruka na ukifanyia ndani ya nyumba unazipanda upya. Kisha pitisha kitambaa chenye alkoli ya farmasi na maji nusu kwa nusu, ila jaribu kwanza chini pasipoonekana, alkoli inaweza kutoa rangi. Kausha kivulini, siyo kwenye jua.
Na apareyi iko wapi? Usiniambie iko ndani!!

Mtoto_wa_Birere
Iko ndani yaya…

Yaya_Kadutu
Itoe leo. Ngozi inatunza maji, na hapa Kivu na mvua yetu lenzi itaota kuvu kama utando wa buibui, ikikula kioo hata ukisafisha alama inabaki. Sakoshi ni ya kutembea nayo, siyo ya kulaza apareyi.

Fundi_wa_Katuba (Lubumbashi)
Mimi ni fundi viatu. Hicho cha kijani ni mafuta ya ngozi yamekutana na shaba ya kifungo, sisi wa mji wa shaba tunakijua. Kitoe na kijiti cha meno na kitambaa, usiweke dawa ya kung'arisha chuma juu itaingia kwenye ngozi. Kitarudi tena, basi ukitoe tena, na hapo kando ya kifungo usipakae mafuta mengi.
Vumbi la kwenu la volkano ni kali, linakwaruza, kwa hiyo brosi laini kwanza kabla ya kusugua. Mwisho krimu ya viatu isiyo na rangi, kidogo sana, kwa kitambaa na siyo kwa vidole, ilale usiku mzima ndipo upanguse. Ngozi ikilowa mafuta inalegea, sakoshi inapoteza umbo.
Mkanda usiuamini hata ukilainika. Angalia na nyuzi, uzi unaoza kabla ya ngozi. Mwambie fundi apitishe sindano kwenye matundu ya zamani, asitoboe mapya.

Papa_Flash
Vazelini je? Mimi natumia kwa viatu.

Fundi_wa_Katuba
Mukubwa, haichachi, lakini inakaa juu inavuta vumbi. Kwa hii hapana.

Mtoto_wa_Birere
Nimejaribu. Kwenye mfuniko unga umeyeyuka, mgongoni umebaki, kumbe yote mawili yako. Nimemulika lenzi na tochi, sijaona utando. Mkanda nimeutoa nimeuweka kando, fundi atanishonea mwingine. Pale pa kidole gumba sikupakaa kitu.