Wagonjwa wa kifafa hawakufika siku ya maonyesho ya ubongo: naomba ushauri (Mbeya)

Mratibu, Mbeya

Habari za leo, ndugu zangu. Nimekabidhiwa kazi ya kuratibu mawasiliano na umma katika kitengo kinachochunguza ubongo na mishipa ya fahamu hapa Mbeya, na nina jambo linaloninyima raha tangu mwezi Machi. Kila mwaka mwezi huo nchi nyingi huadhimisha Wiki ya Uelewa kuhusu Ubongo, ambayo ilianza Marekani mwaka 1996, nasi tukaamua kuwafungulia wananchi milango kwa siku moja. Tuliweka mabango, hadubini na ubongo wa plastiki unaofunguka vipande vipande. Walikuja wanafunzi wa sekondari za mjini na walimu wao, wakapiga picha, wakaondoka. Wagonjwa wa kifafa, ambao utafiti wetu unawahusu moja kwa moja, hakufika hata mmoja, wala wafugaji wa nguruwe wa vijijini tuliowaandalia bango kubwa kuliko yote, lile la tegu, mnyoo wa nguruwe anayeweza kuleta kifafa.

Jioni tukifungasha, mama anayefanya usafi katika jengo letu aliunyanyua ule ubongo wa plastiki kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akaniuliza kifafa cha mdogo wake kinakaa upande gani. Ameifuta meza hiyo kwa miaka minne na hakuna aliyewahi kumweleza, nami nikiwemo. Viongozi wangu wanapendekeza mwakani tuongeze mabango na kutangaza redioni. Mimi siamini kwamba tulipungukiwa mabango. Mngekuwa ninyi, mngeanzia wapi ili taasisi iwe ya watu wote, wa nje na wa ndani?

Muuguzi, Mbozi

Dada Mratibu, pole na kazi. Wagonjwa wangu hawawezi kufuata maonyesho mjini, kwa sababu mgonjwa wa kifafa hasafiri peke yake: ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba imepotea. Tena kuingia katika jengo lenye neno ubongo mlangoni ni kujitangaza kwa kila mpita njia. Njooni ninyi siku yetu ya kliniki ya kifafa, siku ambayo watu wamekwisha kukaa kwenye benchi wakisubiri dawa na hawana haraka. Hilo si jambo jipya, Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwafuata wagonjwa waliko.

Ila naomba nilisemee hilo bango la tegu, maana ndilo lililonigusa. Mabango mengi niliyoyaona yana picha ya nguruwe iliyopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mfugaji ambaye nguruwe wake ndiye ada ya mtoto akiliona anageuza njia. Tena linapotosha. Anayekula nyama isiyoiva yenye vile vivimbe vyeupe mfano wa punje za mchele hupata tegu tumboni. Vivimbe vya kwenye ubongo, vinavyoleta kifafa, huja kwa kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, mboga au maji. Kwa hiyo Mwislamu au Msabato ambaye hajawahi kuionja nyama hiyo anaweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu, ambako watu huishi pamoja na nguruwe wanaozurura, ugonjwa huu unahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa. Chora choo na maji ya kunawa, mfugaji atasogea.

Mwalimu, Iringa

Nakubaliana na Muuguzi, nami naongeza kuhusu viziwi ninaowafundisha. Tuliwahi kualikwa mahali pakawa na mkalimani wa lugha ya alama aliyeitwa asubuhi ileile. Maneno ya kitaalamu yakamshinda, naye akasimama akiwa ameupa mgongo dirisha lenye jua, watoto wasione mikono wala uso. Mpeni maneno yenu siku kadhaa kabla, mmlipe na siku hizo za kujiandaa. Halafu nunueni ubongo wa ng'ombe buchani. Wanafunzi wangu walipoushika, ukiwa laini na wenye mikunjo, waliuliza maswali mpaka kengele ikapigwa, na plastiki haikuwahi kufanya hivyo.

Mama wa watoto watatu, Tukuyu

Mimi ni mzazi. Binti yangu aliangukia mafiga akiwa na miaka tisa, na watu waliokuwepo walisimama mbali wakiogopa povu, kwa kuwa wengi kwetu huamini kwamba linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, lakini hayo niliyajua baada ya mkono wake kuungua. Miaka iliyofuata walikuja watafiti, nikatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, wakamtoa mtoto damu, na hadi leo sijui walichokiona. Binti yangu huniuliza. Kabla hamjatualika kutazama chochote, rudisheni majibu ya mlivyovichukua, hata kama jibu ni kwamba hamkupata kitu.

Mratibu, Mbeya

Mama, nimeyasoma maneno yako kwa sauti kwenye kikao cha leo asubuhi, nikiwa sijataja mahali, na kwa mara ya kwanza mama wa usafi na madereva wetu wawili walikuwa wameketi mezani pamoja nasi. Tumekubaliana kwamba tutaanza na kurudisha majibu katika vijiji vyote tulivyochukua sampuli, na kwamba mama wa usafi, akiwa tayari mwenyewe, atafundishwa kueleza kwa Kisafwa na kulipwa posho ileile ya msaidizi wa utafiti. Amesema yuko tayari, lakini kwanza tumpime mdogo wake. Bango la nguruwe limeondolewa ukutani. Dada Muuguzi, naomba unijulishe siku yenu ya kliniki, na nauli ya mtu mmoja kutoka vijiji vya mbali ni kiasi gani, ili niombe ya watu wawili.