Kocha mratibu wa mashambulizi kaondoka, mwanangu asaini au asubiri?

Baba Mpokeaji:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Tunaishi Dallas. Kijana wangu anamaliza sekondari, anacheza futiboli ya Kimarekani kama mpokeaji, yule anayechomoka mbele kudaka pasi. Chuo kimoja kimempa ufadhili kamili na kusaini ni mapema Desemba. Sasa wiki iliyopita mratibu wa mashambulizi, yaani kocha msaidizi anayepanga timu ishambulie vipi, aliyefika mpaka sebuleni kwetu akala pilau ya mama watoto, kahamia kwingine.

Wanaotajwa kumrithi ni watatu. Kuna kocha wa wapokeaji aliyepo hapo hapo, anamjua mwanangu vizuri, ila hajawahi kupanga mashambulizi ya mechi nzima. Kuna kijana wa miaka thelathini na kitu kutoka benchi la timu ya NFL, ligi ya kulipwa. Wa tatu alikuwa kocha mkuu mahali, akafukuzwa. Mke wangu anasema asaini, kilichompeleka ni shule. Mtoto mwenyewe hali chakula vizuri tangu siku ile. Nani angemfaa?

Bayou77:
Huyo wa NFL, mkuu, bila kusita. Mimi niko Louisiana. Mwaka 2018 mrusha pasi Joe Burrow alirusha pasi 16 za tachidauni, yaani za bao, pale LSU, chuo kikuu cha hapa Louisiana. Akaletwa kocha kijana Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL, na msimu wa 2019 zikawa 60. Timu ilishinda mechi zote 15. Wapokeaji Ja'Marr Chase na Justin Jefferson walivuka yadi 1,500 kila mmoja. Damu changa inaona vitu ambavyo wazee hawavioni.

Dada wa Columbus:
Bayou, kaka yangu, malizia hadithi. Brady alikaa msimu mmoja tu akaenda Carolina Panthers, timu ya NFL. Tena cheo cha mratibu wa mashambulizi kilikuwa cha Steve Ensminger, mtu mzima aliyekuwepo kabla yake. Mimi namtetea huyo wa tatu. Hapa chuo cha Ohio State mwaka 2024 alikuja Chip Kelly kuwa mratibu wa mashambulizi, aliyeacha ukocha mkuu wa chuo cha UCLA. Januari 2025 tukaifunga Notre Dame 34-23 tukachukua ubingwa wa taifa. Mtu aliyewahi kubeba timu nzima hababaiki dakika za mwisho.

Bayou77:
Na Kelly naye alikaa muda gani, dada?

Dada wa Columbus:
Msimu mmoja, akaenda Las Vegas Raiders ya NFL. Sikatai.

Papa Iowa:
Ndugu yangu, mimi ni Mkongomani, niko Iowa City. Ninyi mnabishana juu ya msaidizi, mimi nauliza kocha mkuu ni nani. Hapa chuo kikuu cha Iowa mwaka 2023 mratibu alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz. Mkataba ulimtaka afikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Ilifika kama 15, na bado timu ilishinda mechi 10 kwa ulinzi na mateke marefu ya mpigaji Tory Taylor. Akaja Tim Lester. Pointi zikapanda kweli, lakini aliyeng'ara 2024 ni mkimbiaji, Kaleb Johnson, yadi 1,537. Pasi zilibaki chache, kwa sababu mzee ni yule yule na anapenda mpira wa ardhini, wa kukimbia nao badala ya kurusha. Mpokeaji hapa ana njaa, mratibu awe nani.

Mwl. Neema:
Papa kagusa penyewe. Baba, mpigie kocha mkuu kabla ya kusaini. Muulize nani ataamua mbinu ipi ichezwe siku ya mechi. Kama ni yeye mwenyewe, mjadala wa hao watatu unapungua uzito. Na usiogope sana: tangu 2024 mchezaji aliye vizuri kimasomo anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima. Ila hakikisha masomo yake yatahamishika. Hilo wengi husahau, wanajikuta wanarudia mwaka darasani.

Baba Mpokeaji:
Mungu awabariki. Nimempigia. Kasema mratibu mpya atapewa uhuru, lakini mtindo ni wake yeye, haubadiliki. Kwa hiyo nimemwambia kijana atafute mechi zao za misimu miwili iliyopita, tuhesabu pasi zinazokwenda kwa wapokeaji. Tuko sebuleni sasa hivi, mama yake ndiye anayeandika. Mechi ya kwanza, nusu ya kwanza, tumefika 17, na mtoto kaomba chakula.